Usukani kutetemeka baada ya kuinua Land Cruiser

Pole ndugu yangu. Umesema pikapu yako ya Land Cruiser 79 uliiinua inchi 2 kwa springi ndefu, na sasa ukipita shimo kwenye kilomita 80 kwa saa, usukani unacheza mpaka upunguze mwendo. Kubadilisha stelingi dampa (shokomzoba ya usukani), kama ulivyoshauriwa, kutaficha ugonjwa tu.

Anza na upepo wa tairi, balansi ya magurudumu na rimu. Ila mtetemo wa balansi huja hata kwenye lami laini. Wako unaamshwa na shimo, kwa hiyo mimi nashuku kitu kilicholegea.

Vuta handibreki, gari likiwa chini na injini inawaka, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe tazama ncha za panhadi, ile fimbo inayounganisha ekseli na chasisi. Bushi (mpira ulio kwenye ncha hizo) ikitembea, au tundu la boliti limetanuka, umempata mwizi. Kisha kagua tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Beringi za magurudumu na za kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele huzungukia yanapokata kona) utazijua ukipiga jeki, ukaweka stendi, ukashika tairi juu na chini na kuitikisa.

Vyote vikiwa vizima, kapime kasta, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma ukiitazama kutoka ubavuni. Springi ndefu huzungusha ekseli, kasta inapungua, na tairi zinakosa nguvu ya kujirudisha katikati. Zipo bushi maalumu za kurekebisha hilo.

Mtetemo ukikuanza barabarani, shika usukani imara, achia mafuta, usifunge breki ghafla. Na tafadhali usibebe watu wala usisafiri mbali mpaka fundi wa chasisi aikague.