Usimuulize mwenye mbwa kama mbwa anaumwa

Wewe unayeanza kutunga dodoso la ugonjwa wa viungo vya mbwa, nikupe kwanza kosa langu. Niliandika: "Je, mbwa wako ana maumivu?" Karibu wote wakajibu hana, na hoja yao ilikuwa moja: mbona halii? Mbwa ambaye viungo vimelika kwa kawaida halii. Anachelewa kuinuka asubuhi, anakakamaa akitoka kulala, anakizunguka kizingiti alichozoea kukiruka. Ulizia hayo, maumivu utayasoma mwenyewe kwenye majibu.

Wenzetu wametangulia. Dodoso la Liverpool, LOAD, lina maswali 13 yenye alama 0 hadi 4, jumla 52. La Helsinki lina 11. La Pennsylvania, CBPI, lilitoka 2007. Humo maumivu hupewa alama 0 hadi 10, na mjazaji hukumbuka siku 7 zilizopita. Yasome yote, ila usiyatafsiri neno kwa neno. Swali la ngazi au la kupanda kochi litamsaidia nini mbwa wa ulinzi, anayefungiwa bandani mchana kwenye nyumba isiyo na ghorofa? Huyo muulizie hivi: akifunguliwa jioni, anatoka mbio au anajivuta? Nyuma ya pikapu anaruka mwenyewe au anabebwa?

Kilichonitesa zaidi ni vijisanduku vya majibu. Mama mmoja alitia tiki kwenye "anachechemea mara kwa mara". Nilipompigia simu akasema, "Aa, mara mojamoja tu, daktari." Kijana mwingine alitia tiki hapohapo, na yeye alimaanisha kila siku! Maneno yaleyale, mbwa wawili tofauti kabisa. Nikayafuta. Siku hizi nauliza: kati ya siku saba zilizopita, ulimwona akichechemea siku ngapi?

Halafu angalia anayejaza ni nani. Anayelipa bili mara nyingi si yule anayempa mbwa chakula. Mbwa anajulikana na mlinzi, au na dada wa kazi. Mtafute huyo, na awe yeye tena mara ya pili. La sivyo utapima tofauti ya watu wawili ukidhani mbwa amepata nafuu.

Kabla ya dawa yoyote, dodoso lijazwe mara mbili, wiki moja au mbili katikati. Mbwa hajabadilika lakini alama zimeruka? Swali ndilo bovu. Na hata likiwa zuri, matumaini ya mwenye mbwa yapo palepale: mwaka 2012 watafiti Conzemius na Evans walionyesha kuwa mbwa akipewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu cha kutibu ndani yake, mwenye mbwa huona nafuu ambayo bamba la kupimia uzito anaouweka mbwa kwenye mguu halioni. Kwa hiyo kwenye jaribio la dawa weka kundi la dawa bandia, na karatasi ya kwanza ikae kwako, mjazaji asiione anapojaza ya pili.