Maswali ya wasomaji: kabla ya kuvaa suti ya mabawa

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege, hasa kwa suti ya mabawa, lile vazi lenye kitambaa kati ya mikono na mbavu na kati ya miguu, linalomwezesha mrukaji kuteleza mbele hewani badala ya kushuka moja kwa moja. Tumechagua barua tano. Viwango tunavyovitaja ni vya chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambavyo vinajulikana mbali nje ya nchi hiyo. Kituo chako kikiwa na sharti kali zaidi, fuata la kituo.

*Nafanya kazi ya ulinzi Dubai. Nimeruka mara moja nikiwa nimefungwa kwa mwalimu. Mkataba wangu umebaki miezi kumi. Naweza kufika kwenye suti ya mabawa kabla sijarudi Mombasa? — Msomaji, Dubai*

Kaka, kwa kalenda inawezekana, ila kwa mtu wa kazi za zamu ni vigumu mno. Mruko wa kufungwa kwa mwalimu unakuonjesha tu, maana kazi yote anaifanya yeye. Safari yenyewe inaanza na darasa la siku nzima ardhini. Baada ya hapo unaruka na mwavuli wako mwenyewe, walimu wawili wakikushika ubavuni, kisha mmoja, kupitia ngazi saba au nane kulingana na shule. Ukifikisha miruko 25 na kufaulu mitihani, unapata leseni A. Leseni B inataka miruko 50, na C inataka 200. Suti ya mabawa nayo haivaliwi kabla ya miruko 200, na hata hapo unapitia kozi ya kwanza chini ya mwalimu wa suti.

Wengi wanaiona 200 kama foleni ya kusubiri. Hebu angalia muda. Ukitoka futi 13,000 na kufungua futi 5,000, una takriban sekunde 50 za kuanguka. Kwa mwanafunzi wa mruko wa tano, sekunde zote hizo zinamalizwa na kulala tumbo chini bila kuyumba na kuisoma altimita, yaani kipima kimo. Kwa mtu wa mruko wa 200 mwili unajiweka wenyewe, na akili inabaki huru kuangalia kituo kiko wapi, nani yuko karibu, na kimo kimefika wapi. Suti inakuja kuila nafasi hiyo ya akili. Inakufunga mikono na miguu, inakusogeza kilomita kadhaa, na inakuletea aina za kuyumba ambazo hukuwahi kukutana nazo. Usipokuwa na akiba ya umakini, hakuna cha kulipia.

Kwa hiyo usiijaze hesabu kwa miruko 200 inayofanana. Jifunze kuteleza bila suti, yaani kunyoosha mwili na kusafiri mbele kwa mstari ulionyooka, mpaka uweze kuchagua upande na kuufuata. Soma kozi ya kuendesha mwavuli. Jipime kutua karibu na alama uliyoichagua kabla hujaruka. Na ukirudi Mombasa, kumbuka kwamba mwenye leseni A akikaa zaidi ya siku 60 bila kuruka anashauriwa kuanza tena na mwalimu. Kituo cha Diani hakiko mbali na nyumbani. Usiache miezi ipite.

*Binti yangu ameanza kujifunza kuruka huko Uingereza. Nauliza kama mzazi: mwavuli usipofunguka je? — Mama, Tanga*

Shikamoo mama. Swali lako ni la haki na jibu lake lina hatua. Begi la mgongoni lina miavuli miwili. Mkuu anaukunja mrukaji mwenyewe au mkunjaji wa kituo. Wa akiba unakunjwa na fundi mwenye leseni, naye anaweka tarehe na muhuri. Kwa sheria ya Marekani kazi hiyo inarudiwa kila siku 180.

Kila mrukaji ana kimo cha uamuzi. Kwa wanafunzi na wenye leseni A ni futi 2,500. Kwa wenye uzoefu zaidi ni 1,800. Mwavuli mkuu ukiwa haujawa mzima au haugeuziki kwenye kimo hicho, majadiliano yamekwisha. Anatazama mpini wa kulia kifuani, anaushika, anatazama mpini wa kushoto, anavuta wa kulia mpaka mwisho, kisha wa kushoto. Wa kwanza unaachia mwavuli mbovu kupitia pete tatu zilizopangwa kila bega, na wa pili unafungua wa akiba. Macho yanatangulia mkono kwa sababu mikanda ikivutwa vibaya mpini unahama mahali pake, na mkono unaopapasa unapoteza sekunde.

Akizimia au akichanganyikiwa, kuna kifaa kidogo kama Cypres au Vigil kinachopima kasi na kimo. Cypres ya watu wazoefu inakata kamba ya begi la akiba ikiwa mtu bado anaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa takriban mita 225 juu ya ardhi. Ya wanafunzi inafanya kazi kwa kasi ndogo zaidi, na wakati mwingine juu zaidi.

Ukitaka kumuuliza binti yako jambo moja, mama, usimuulize kama mwavuli utafunguka. Muulize anaanza kugeukia upepo kwa ajili ya kutua akiwa kimo gani, na atafanya nini mtu akikatisha mbele yake karibu na ardhi. Watu wengi huumia chini ya mwavuli mzima kabisa, kwa kukata kona kali wakiwa chini sana. Mwavuli unaopinda unashuka kwa kasi, na unahitaji kimo ili unyooke tena. Jibu zuri ni kona ndogo ya breki, yaani kamba mbili za kuendeshea mwavuli, mwavuli ukae sawa bila kuinama upande, na kutua hata kama siyo dhidi ya upepo.

*Nina miruko 210 hapa Minnesota. Rafiki ameniuzia suti yake kubwa kwa bei nzuri. Nina kilo 78 na mwavuli wangu mkuu ni futi za mraba 135. Mwalimu amekataa vyote viwili. Ananionea? — Msomaji, Minneapolis*

Hapana, ndugu. Amekuepusha na mambo matatu kwa mpigo.

La kwanza ni suti. Suti kubwa ina kitambaa kingi kinachopita vidole na bawa la miguu linalofika mbali, na nyuma ya mgongo wako inaacha eneo la hewa iliyokufa. Kimwavuli cha kuvutia, kile unachokitupa kwa mkono ili kivute mwavuli mkuu, kinahitaji kuifikia hewa inayokimbia. Kikibaki kwenye hewa iliyokufa kinacheza mgongoni bila kuvuta kitu. Ndiyo maana warukaji wa suti hutumia kimwavuli kikubwa kidogo na utepe mrefu kuliko wa kawaida. Muulize fundi wako urefu unaofaa begi lako. Halafu suti kubwa inajibu kila mwendo mdogo wa bega kwa nguvu, na mgeni ndipo anapoanza kuzunguka kama pia akiwa chali.

La pili ni mwavuli. Kilo 78 zako, pamoja na begi, nguo na suti za kama kilo 14, ni 92, ambazo ni takriban pauni 203. Gawanya kwa 135: unapata pauni 1.5 kwa kila futi ya mraba. Huo ni mwavuli mkali, na mwavuli mkali ukifunguka na kamba zikasokotana, unapinda na kuanza kukuzungusha huku mikono yako iko ndani ya kitambaa. Kwa mwavuli mpole wa vyumba saba vya hewa, wa futi za mraba 190, hesabu inashuka hadi kama 1.07, na kamba zikisokotana unapata muda wa kupiga mateke uzifungue. Suti inaleta msokoto mara nyingi kuliko kuruka kwa kawaida, na kisa chake kinaonekana wazi ukitazama video ya ufunguzi: mtu anarudisha mkono wa kulia kuchukua kimwavuli, wa kushoto anauacha umetanuka. Bawa moja limefungwa, jingine liko wazi, mwili unageuka, na mwavuli unafunguka juu ya mtu anayezunguka. Dawa ni ulinganifu. Funga miguu, rudisha mikono yote miwili pamoja, shika, tupa, rudisha yote miwili pamoja, na ubaki umefunga mabawa mpaka uhisi unavutwa wima.

La tatu ni kile kifaa tulichomweleza mama wa Tanga. Suti nzuri inashuka chini ya kilomita 100 kwa saa. Mita 35 kwa sekunde ni kilomita 126. Kwa hiyo ukizimia ndani ya suti inayoteleza vizuri, kifaa kinaweza kuona kwamba wewe si mtu anayeporomoka na kikanyamaza. Kiwashe, lakini usikitegemee.

Kabla ya kupanda ndege, mikanda ya mapajani ikaguliwe na mtu mwingine, kwa kugusa. Suti inabana mapaja vizuri kiasi cha kukudanganya kwamba umefunga mikanda, na wapo warukaji wenye uzoefu mkubwa waliotoka mlangoni bila kuifunga wakafa. Hakikisha pia kwamba mipini miwili ya kifuani haijafichwa na kitambaa na kwamba unaifikia ukiwa umefunga zipu zote.

Ukitoka mlangoni, acha mabawa yamefungwa mpaka mkia wa ndege upite. Ukiyafungua mapema unapanda kuelekea mkia. Kisha fungua miguu na mikono taratibu. Baada ya sekunde chache fanya zoezi la kugusa kimwavuli bila kukivuta, rudia mara mbili tatu, halafu ndiyo uanze kuruka. Ukianza kuzunguka, usipigane na suti kwa kusukuma bega moja. Funga mabawa yote, jikunje au jipinde mgongo mpaka uanguke tumbo chini, kisha fungua polepole. Ukifika kimo cha kufungua bado unazunguka, fungua hivyo hivyo. Kufungua kunatangulia, kufungua kwa kimo sahihi kunafuata, na kutulia ni la tatu. Kimo hicho kwa mruko wa kwanza wa suti kiwe karibu futi 5,000.

Mwambie na rubani utaelekea upande gani. Mwaka 2018 huko Ufaransa mrukaji wa suti aligongwa na bawa la ndege ile ile aliyotoka, ilipokuwa ikishuka. Njia ya kawaida ni kutoka mwisho, kukata kando ya mstari wa ndege, kisha kurudi sambamba nao, mbali na waliotoka kabla yako, kwa sababu wao tayari wananing'inia kwenye miavuli.

Na usishone wala kubadilisha chochote nyumbani. Patrick de Gayardon, Mfaransa aliyefanya suti hizi zifahamike duniani, alifariki Hawaii mwaka 1998 baada ya marekebisho aliyoyafanya kwenye begi lake mwenyewe.

*Valery Rozov aliruka Kilimanjaro mwaka 2015 kwa suti ya mabawa. Sisi tunaoishi Moshi tuanzie wapi? — Vijana wawili, Moshi*

Anzieni kwenye ndege, wanangu, na mkae huko miaka. Anayeruka kutoka mlimani hubeba mwavuli mmoja tu, kwa kuwa hakuna kimo cha kufungua wa pili. Hana futi 8,000 za kurekebisha kosa, na jiwe halimsubiri. Rozov alikuwa miongoni mwa wazoefu zaidi duniani katika mchezo huo, na mwaka 2017 alifariki Nepal kwenye mlima Ama Dablam katika mruko wa aina hiyo hiyo. Anayetaka njia hiyo hujifunza kwanza suti kutoka kwenye ndege kwa mamia ya miruko, kisha kuruka majabalini bila suti, kwa mwalimu, na kuviunganisha viwili hivyo huja mwishoni kabisa.

*Najifunza Diani. Wakati wa kusi tunakaa chini siku nzima wakati anga ni jeupe. Na nikidondokea baharini nifanye nini? — Msomaji, Ukunda*

Anga jeupe halina uhusiano na upepo. Kwa viwango vya USPA mwanafunzi haruki upepo wa ardhini ukizidi maili 14 kwa saa, takriban kilomita 22. Mwavuli wa mwanafunzi unakwenda mbele taratibu. Upepo ukiuzidi, unarudi kinyumenyume, na nyuma yako kuna minazi, paa za hoteli na nyaya za umeme. Angalia pia upepo nyuma ya majengo na miti, kwa sababu unavurugika na unaweza kuubonyeza mwavuli wako ghafla ukiwa mita kumi juu.

Kuhusu bahari, mafunzo ya kutua majini ni sharti la leseni B, lakini wewe wa Diani yadai mapema. Ukijua hutafika nchi kavu, legeza mkanda wa kifuani na uchomoe (usikate) utepe unaounganisha mwavuli mkuu na wa akiba. Kama una boya, lijaze. Usifungue mikanda ya mapajani ukiwa hewani, kwa sababu maji huonekana karibu kuliko yalivyo. Geukia upepo, vuta breki, na ushike pumzi. Miguu ikishagusa maji ndipo unafungua mapaja na kuogelea kinyume na kamba, bila kupiga mateke makubwa yatakayozikusanya miguuni. Kitambaa kikikufunika, shika mshono mmoja na uufuate kwa mikono mpaka ukingoni, bila kubadili mshono.