Mtambo wa kilowati 850 ulionipa megawati mbili

Mara ya kwanza kukadiria umeme wa upepo nilikuwa kwenye chumba cha kupanga Kawangware, tokeni zimebaki uniti tatu, na mimi kwenye Excel natengeneza megawati.

Mtambo wenyewe ulikuwa Vestas V52, kama ile ya vilima vya Ngong: kipenyo cha mapanga mita 52, uwezo kilowati 850. Fomula unaijua: nusu ya uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo, mara eneo linalofagiwa na mapanga, mara kasi ya upepo ikizidishwa yenyewe mara tatu, mara ufanisi. Nikaweka hewa ya Ngong, kilo 0.95 (nyepesi kwa sababu ya mwinuko), na ufanisi asilimia 40. Kasi ya 18 ikanipa kilowati 2,353.

Mzee niliyekuwa nafanya kazi chini yake akatazama akaniuliza, "Kijana, jenereta ni ya 850. Hizo zingine zimepitia wapi?"

Fomula haijui jenereta. Mtambo halisi ukishafika kiwango chake, mapanga hujigeuza na kuuachia upepo wa ziada upite. Kasi ikizidi mita 25 kwa sekunde, unajizima kabisa. Basi nikaweka kikomo: chochote kinachozidi 850 kiandikwe 850. Dakika mbili, kazi imekwisha. Nikalala vizuri.

Hapo ndipo nilipojiponza. Siku chache baadaye nikaona mtambo wangu unatoa 850 kamili karibu mchana kutwa, miezi yote. Upepo gani huo? Kurudi kwenye data, kasi ilikuwa ya kilomita kwa saa, nami nimeisoma kama mita kwa sekunde. Kukosea mara 3.6 kwenye kasi ni kukosea karibu mara 47 kwenye umeme. Ile 18 yangu ilikuwa mita 5 kwa sekunde, yaani kilowati 50 tu.

Kwa hiyo ukiona namba imepita uwezo wa mtambo, usikimbilie kuikata. Kagua vipimo kwanza, kikomo baadaye.

Ukiweza, achana na fomula utumie jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha umeme kwa kila kasi ya upepo. Ila jedwali la kawaida limepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, 1.225. Rekebisha kasi ya upepo, usipunguze umeme moja kwa moja, la sivyo Ngong utapata kosa la kinyume: mtambo utakwama kwenye 660 hivi, hata upepo uvume vipi.