Moshi wa nani? Maswali yenu kuhusu hewa ukaa

Tangu niguse habari za hewa ukaa, ile gesi ya moshi wa mafuta, makaa na kuni inayoipasha dunia joto, simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano; yenye matusi nimeyapitisha pembeni.

Marekani imejitoa kwenye Mkataba wa Paris. Si ndiyo umekufa? (Kijana, Ujiji)

Haujafa, ila umeumia. Mkataba ule wa 2015, ambao nchi za dunia ziliahidi kupunguza hewa ukaa na gesi nyingine zinazoipasha dunia joto, hauna polisi. Kila nchi huandika ahadi yake yenyewe, na kila baada ya miaka 5 hutakiwa kuandika nyingine iliyo kali zaidi. Marekani ilitoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Trump akatia saini kutoka tena. Wengine hawakumsubiri. Uingereza, iliyowaonyesha wenzake njia ya makaa ya mawe, ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa Septemba 30, 2024. Norway iliyasamehe kodi magari ya umeme, na mwaka huohuo karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. China ndiyo kioja: inaongoza duniani kwa kutoa hewa ukaa, na inaongoza pia kwa kutengeneza paneli za sola. Paneli iliyo juu ya kibanda chako cha kuchaji simu imeshuka bei kwa sababu hiyo, si kwa huruma ya muuzaji.

Mnatuambia gesi ya mtungi ni nishati safi. Si mafuta yaleyale? (Mama lishe, Mwanga)

Mama, hapo umenibana. Kweli, ni jamii ya mafuta, huja kwa meli, na ikiungua inatoa hewa ukaa. Usafi wake ni wa kulinganisha. Twende porini kwenye tanuri la mkaa: kuni za kilo 100 zikichomwa kienyeji hutoa mkaa wa kilo 20, mara nyingi pungufu. Nyingine zote zimeondoka na moshi kabla gunia halijapakiwa kwenye baiskeli. Mti usipoota mwingine mahali pake, hewa ile haina pa kurudi. Na hapo hatujagusa macho yako wala kifua chako.

Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini mkaa unanunuliwa kwa kopo, gesi inadai hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Mkakati ukikwama, nadhani utakwama hapo. Ningekuwa wewe, maharage ningeyahamishia kwenye jiko la presha la umeme. Chungu cha kulisha familia hakimalizi uniti 1. Umeme wenyewe nao unabadilika: Kigoma tumenguruma na majenereta ya dizeli miaka mingi, lakini gridi ya taifa imeshaingia mkoani, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, na Malagarasi umepangiwa mradi wa megawati 49.5.

Sisi wa tumbaku tunalaumiwa kumaliza miti kwa ajili ya mabani ya kukaushia majani. Mbona wenye viwanda hawasemwi? (Mkulima, Urambo)

Wanasemwa, na wengine wanalipishwa. Umoja wa Ulaya tangu 2005 umewawekea wenye viwanda na mitambo ya umeme kikomo cha hewa ukaa, nacho kinashushwa kila mwaka. Anayezidisha hununua kibali kwa aliyebakiza. Una haki ya kukasirika: Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mafuta, makaa na viwanda. Ila Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto (hewa ukaa na wenzake wanaoipasha dunia joto) kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila juhudi, na sehemu kubwa ya gesi zetu hutoka kwenye misitu na mashamba. Bani linalokula kuni chache linakufaa hata Paris isingekuwapo. Miombo ikiisha, nyuki wanahama, na asali ya Tabora tutaisimulia.

Kuna watu wanataka kununua hewa ya msitu wetu. Hewa inauzwaje? (Mjumbe wa kijiji, Uvinza)

Wananunua ahadi ya kutokata. Kila tani 1 ya hewa ukaa iliyookolewa kwa kuacha miti imesimama hupewa cheti, na kampuni ya mbali hukinunua kufidia moshi wake. (Mimi huwa najiuliza kama kule moshi unapungua au unapata udhuru tu.) Majirani zenu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wamejenga madarasa na zahanati kwa fedha za msitu wa Ntakata. Biashara hii ina kanuni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, yaani hiyohiyo hewa ukaa, kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Waulizeni wageni wenu kama wamesajiliwa huko, mkataba ni wa miaka mingapi, mgawo wa kijiji ni upi, na nani ataruhusiwa kurina asali. Majibu yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, si kwa mwenyekiti na muhuri wake.

Ati ng'ombe wangu wanachafua hewa kwa kujamba? (Mfugaji, Nzega)

Zaidi ni kwa kubeua, mzee wangu. Gesi yenyewe inaitwa methani, nayo huipasha dunia joto kama hewa ukaa. New Zealand ilitaka kuitoza kodi, wafugaji wakapinga, na 2024 mpango ukatupwa. Denmark imepanga kuanza 2030. Nzega bado hawajafika kuwahesabu.