Maswali ya meno: floraidi haizibi shimo

Barua za wiki hii karibu zote ni za floraidi, yale madini ya kukinga meno yanayotiwa kwenye dawa ya mswaki, na nyingi zinauliza nililokwisha kulijibu. Nimechagua chache.

*"Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka mitatu na nusu ana mistari myeupe kama chaki kwenye meno ya mbele ya juu, karibu na fizi. Halalamiki maumivu. Jirani kaniambia ni utando wa maziwa, utatoka wenyewe."* Mama, Makorora

Marahaba mwanangu. Mlaze mtoto mapajani, inua mdomo wa juu, chukua kitambaa safi ufute meno mpaka yakauke. Weupe ukitoka, jirani yako kasema kweli. Ukibaki, tena umefifia haung'ai, meno yameanza kuoza. Usilie, maana hii ndiyo hatua ambayo uozo bado unaweza kurudi nyuma bila mashine wala sindano. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na kutoa asidi, asidi inachomoa madini kwenye gamba la jino. Mate huyarudisha taratibu. Floraidi huyasaidia, na kuliacha gamba likiwa gumu zaidi kwa asidi.

Mpigishe mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi isiyopungua 1000 ppm (yaani sehemu 1000 katika milioni, soma kwenye boksi), kiasi cha punje ya njegere. Mdogo wake kama hajafika miaka mitatu, punje ya mchele inamtosha. Halafu mpeleke hospitali ya Bombo hapa Tanga au kituo chochote chenye daktari wa meno, uulize kama wana vanishi ya floraidi. Inapakwa kwa brashi, dakika chache tu, na inarudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: kama analala na chupa ya uji wa sukari, ikome leo. Usingizini mate hupungua na ule uji unabaki kwenye meno usiku kucha. Na ubuyu wa rangi! Mtoto anamung'unya tangu adhuhuri mpaka magharibi, ulimi mwekundu, mama anacheka. Akitaka ubuyu apewe baada ya chakula, aumalize, basi.

*"Gego langu lina shimo na linaniuma usiku. Nipake floraidi gani?"* Kijana, Ngamiani

Hakuna. Nenda kwa daktari wa meno kesho asubuhi, na usithubutu kutia maji ya betri.

*"Nimetumiwa ujumbe WhatsApp kwamba floraidi ni sumu, ndiyo maana watu wa Arusha wana meno ya kahawia. Sisi nyumbani tumehamia dawa ya mkaa."* Baba, Raskazone

Ule ukahawia wa Arusha, na wa sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida, unatokana na maji. Yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huko viko visima vinavyokipita mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, yatachomoza na madoa. Floraidi ikizidi sana majini, kwa miaka mingi, hata mifupa inaharibika. Wala kuyachemsha hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke. Dawa ya meno unaipaka na kuitema. Wewe mtu mzima haiwezi kukutia madoa hayo. La kuangalia ni watoto wanaoinyonya kwa sababu ina ladha ya matunda: iweke juu ya kabati.

Hiyo ya mkaa inakwangua, na nyingi ya aina hiyo hazina floraidi kabisa. Geuza boksi usome kabla hujalipa. Mnaogopa dawa ya meno huku chai mnaitia vijiko vinne vya sukari!

*"Nikishapiga mswaki nisukutue kwa maji ya kawaida au ya chumvi?"* Msomaji, Pongwe

Usisukutue. Tema tu. Dawa umeinunua ikae kwenye meno, si kwenye karai.

*"Daktari kampaka mwanangu dawa kwenye gego la utotoni lililotoboka, sasa pale pamekuwa peusi tii. Nikashitaki wapi?"* Mama, Chumbageni

Weusi si kosa. Dawa hiyo ina madini ya fedha na floraidi pamoja: fedha inaua vijidudu, floraidi inagumisha, na palipooza panageuka peusi na uozo kusimama. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila kama hukuambiwa mapema kwamba jino litakuwa jeusi, hapo una haki ya kukasirika. Mzazi huelezwa, akakubali, ndipo dawa ipakwe. Rudi ukaulize kama litahitaji kuzibwa. Na msiniambie "la utotoni litang'oka tu". Magego hayo hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, yakiwahi kung'olewa ya ukubwani hujiotea hovyo.

*"Ramadhani nipige mswaki saa ngapi?"* Msomaji, Mikanjuni

Baada ya daku, na usiku kabla ya kulala. Suala la dawa ya meno mchana muulize shehe wako. Mimi naulizia kaimati za shira: uzile wakati wa futari, usiende nazo kitandani.