Jibu: 750 kwenye pete na mita 30 kwenye saa

Ndugu, umeuliza maana ya 750 iliyogongwa ndani ya pete, na kama saa iliyoandikwa mita 30 inafaa kuogelea nayo.

750 ni kipimo cha usafi: sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi, zilizobaki ni metali nyingine kama shaba na fedha, zinazoipa ugumu. Ndiyo hiyo hiyo karati 18, kwa kuwa dhahabu tupu ni karati 24. Ukikuta 925, hiyo ni fedha. Iking'aa kama dhahabu, basi imechovywa tu kwenye dhahabu. Kwenye almasi karati hupima uzito, gramu 0.2 kila moja, kwa hiyo usichanganye.

Kuhusu saa, tafadhali usiingie nayo majini! Mita 30 ni shinikizo la maji la kina hicho, lililopimwa saa ikiwa imetulia. Inahimili matone ya mvua na kunawa mikono. Kwa kuogelea mimi ningetafuta mita 100, na kwa kupiga mbizi iliyotimiza ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi. Tena mpira unaozuia maji huchakaa, kwa hiyo saa kuukuu ipimwe upya kwanza, hata kama kwenye mfuniko wa nyuma imeandikwa mita 200.