Pawabenki isiingie begi la kupakiwa: kwa dada anayempeleka mama Umra

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umesema mnaondoka Tanga kwa ndege ndogo hadi Dar, mnaunganisha na Emirates kupitia Dubai mpaka Jeddah. Mama ana kitochi chake, wewe una simu janja na pawabenki, na unataka kujua kipi kizimwe na kipi kikae wapi. Mmoja amekujibu kwamba habari ya kuzima simu ni vitisho tu. Mwingine amekushauri pawabenki uitumbukize kwenye begi kubwa linalopakiwa, eti wasikusumbue kwenye ukaguzi. Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nikae chini niandike kirefu, maana ushauri wake ni wa hatari na tayari watu watatu wamemshukuru.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, mwaka wa 16 sasa. Nilianza na redio kwa mjomba, simu zikaja baadaye. Ndege ndogo za hapa nimezipanda mara kadhaa kufuata vipuri Kariakoo, zile siku ambazo mteja hawezi kungoja niende Kange nipande basi, nizunguke Segera na Chalinze, nifike Dar jioni maduka yamefungwa.

Nianze na kuzima simu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwa Cessna Caravan, Tanga hadi Dar kupitia Unguja. Kama mama hajawahi kuipanda, mwandae: ni ndege ya injini moja, abiria kama kumi na wawili, mhudumu hakuna, na rubani yuko palepale mbele yenu, unaziona saa zake zote. Kabla ya kuondoka rubani aligeuka akatueleza mikanda na mlango wa dharura, akasema simu zote zizimwe au ziwekwe hali ya ndegeni, yaani ile "airplane mode" inayokata mawimbi yake. Nilikuwa na simu mbili. Ile ya mkononi niliizima. Ya pili, kisimu cha wateja, kilikuwa mfuko wa shati na nikakisahau. Nilikaa kiti cha nyuma ya rubani.

Tukapita Pangani, mto unaonekana unavyomwaga maji ya udongo baharini. Tulipoanza kushuka Unguja nikamwona rubani amekunja uso. Akakandamiza hedifoni kwenye sikio la kushoto, kisha bila kugeuka akainua mkono juu, kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, ile ishara ya simu. Sekunde hiyohiyo shati langu likatetemeka. Ujumbe umeingia. Nilikizima kile kisimu mikono ikinitetemeka.

Tuliposhuka nilimfuata kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniambia, "Kaka, mwongozaji wa ndege alikuwa ananitajia kimo cha kushukia, nikasikia tirriti-tirriti-tirriti juu ya sauti yake. Ikabidi nimwombe arudie."

Sauti ile mimi naijua. Wenye umri wangu mnaikumbuka pia: redio iko mezani, simu pembeni yake, ghafla redio inakoroma tirriti-tirriti, halafu ndipo simu inaita. Simu za mtandao wa 2G, ule wa zamani wa vitochi, hazitumi mawimbi mfululizo kama maji ya bomba. Zinatuma kwa vipande vifupi, kama vipande 217 kwa kila sekunde, na waya wowote wa sauti ulio karibu unavinasa ukavigeuza mlio. Waya wa hedifoni ya rubani hauna tofauti na waya wa spika ya redio yako. Halafu kuna jambo la umbali. Simu ikiwa karibu na mnara hunong'ona. Mnara ukiwa mbali hupaza sauti, na ya 2G inaweza kufika wati 2. Kwenye ndege inayopanda juu ya bahari simu yako inapaza sauti muda wote. Ndiyo maana pia ukisahau kuizima unashuka na chaji imeisha.

Simu za 4G mlio wake ni mdogo sana kulinganisha. Lakini hapa kwetu simu janja ikikosa 4G hurudi 2G yenyewe, na kitochi cha mama huenda hakijui kingine zaidi ya 2G.

Sasa, je, simu moja inaangusha ndege? Hapana, na mwenzetu aliyesema ni vitisho ana haki kwa kiasi hicho. Nyaya na mitambo ya ndege hukingwa na kupimwa dhidi ya mawimbi kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu. Hata katazo la Marekani la mwaka 1991 lilitoka kwa mamlaka ya mawasiliano, nayo ilihofia mitandao ya simu ya ardhini. Simu iliyo juu angani inaonekana na minara mingi kwa wakati mmoja na kuivuruga. Hilo nimeliona kwa macho. Safari nyingine, muda mfupi baada ya kuruka Tanga, jirani yangu alipata ujumbe wa kumkaribisha Kenya, naye hajavuka Horohoro. Simu yake ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2013 Marekani iliruhusu abiria watumie vifaa vyao safari nzima, tangu kupanda hadi kushuka, mradi viwe hali ya ndegeni, na Ulaya ikafuata mwaka huohuo. Na Emirates hao mtakaopanda waliruhusu watu kupiga simu angani tangu mwaka 2008, kwa kufunga mtambo wao ndani ya ndege unaopitisha mawasiliano kwenye setilaiti. Kwa hiyo ndege kubwa zimejipanga. Caravan ya Tanga haina mtambo huo. Ina rubani na hedifoni yake, na maelekezo anayohitaji kuyasikia mara moja tu. Mimi tangu siku ile nikifika uwanjani nazima zote mbili nikiwa bado kwenye benchi, ndipo nainuka.

Kwenye ndege kubwa weka hali ya ndegeni kwa sababu moja zaidi: kama simu yako imefunguliwa huduma ya nje ya nchi, inaweza kushika ule mtandao wa ndani ya ndege, na bei zake ni kali mno. Ukishaweka hali ya ndegeni unaweza kuwasha waifai na Bluetooth peke yake. Dua, ramani na tiketi zenu zipakue mkiwa nyumbani.

Nimeyasema hayo kwa kirefu kwa sababu uliyauliza. Lakini kilichonikosesha usingizi ni betri.

Mwaka juzi mteja aliniletea simu ambayo kioo kimeinuka upande mmoja. Betri lilikuwa limevimba kama andazi. Nililitoa taratibu kwa kadi ya plastiki, na kijana wangu wa kazi, kwa haraka zake, akataka kulichomoa kwa bisibisi. Ncha ikapenya. Kwanza zikasikika kelele kama za kitu kinachokaangwa, halafu moshi mweupe wa harufu tamu inayokereketa kooni, halafu ulimi wa moto urefu wa mkono. Nililivuta kwa koleo nikalitupa kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda. Moto ukazimika. Tukakaa kupumua. Baada ya kama dakika mbili likawaka tena, lenyewe, likiwa ndani ya mchanga.

Hilo la kuwaka mara ya pili ndilo watu hawalijui. Betri la lithiamu likishaharibika ndani, joto linatengenezwa humohumo, na kemikali zake hutoa hata sehemu ya oksijeni ya kuuwasha moto. Ukilifunika hujamaliza kitu. Kinachosaidia ni kulipoza, na kwenye ndege wahudumu hulimwagia maji mengi baada ya kuua miali. Sehemu ya mizigo ya ndege kubwa ina gesi ya kuzimia moto, lakini gesi inaua miali, hailipozi betri. Na Caravan je? Mabegi yenu mengi yatawekwa kwenye kifuko kilichobandikwa chini ya tumbo la ndege, kinachofunguliwa kwa nje tu. Pawabenki ikianza kukaangika humo mkiwa juu ya mkondo wa Pemba, hakuna binadamu wa kuifikia. Ikiwa mkononi mwako, utaona moshi mapema, utapaza sauti, maji yapo.

Ndiyo maana sheria duniani kote ni kwamba pawabenki na betri za akiba husafiri na abiria, hazipakiwi. Ukaguzi wakiikuta kwenye begi la kupakiwa wataitoa, au watakuita ulifungue begi mbele yao huku mama anasubiri amesimama.

Na hata mkononi isiachwe bila uangalizi. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Airbus A321 iliteketea uwanja wa Gimhae, Busan, Korea Kusini, kabla haijaruka, na uchunguzi ulielekeza kwenye pawabenki iliyokuwa kabati la juu ya viti. Watu wote walitoka wakiwa hai kwa sababu walikuwa bado ardhini. Tangu Oktoba 1, 2025 Emirates wanaruhusu pawabenki moja tu kwa kila abiria, isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri), iwe imeandikwa uwezo wake, isitumiwe kuchaji simu humo ndani wala isichajiwe, na ikae mfuko wa kiti cha mbele yako au kwenye begi chini ya kiti. Kwa hiyo chajini simu zenu Dar kabla ya kupanda.

Namna ya kujua Wh: chukua ile namba ya mAh iliyoandikwa kwenye pawabenki, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111. Kwa kawaida kati ya 100 na 160 shirika lenyewe lazima likubali kwanza, na kwa Emirates ndiyo basi, iache nyumbani. Isiyo na maandishi kabisa, au yaliyofutika kwa kukaa mfukoni na funguo, wanaweza kuichukua, na hapo hutakuwa na la kubishia.

Hapa nikuombe kitu kimoja. Usiende na pawabenki ya bei ya kutupa. Nimezifungua nyingi. Moja ilikuwa imeandikwa mAh 50,000 kwa herufi kubwa za dhahabu; ndani nilikuta betri moja ndogo, na pembeni yake vifuko viwili vya mchanga vilivyogundishwa ili iwe nzito mkononi. Waya wa ndani ulikuwa mwembamba kama uzi na umeungwa bila kinga yoyote kati ya chanya na hasi. Kitu hicho mtu alikuwa analala nacho chini ya mto.

Kuhusu mama. Kitochi chake ukikitazama kwenye mipangilio na huoni hali ya ndegeni, kizime kabisa. Halafu kagua alamu. Vitochi vingi hulia alamu hata vikiwa vimezimwa, na vingine vikishalia vinauliza viwashwe. Mama akibonyeza tu ili anyamazishe, kitochi kimewaka na kinatafuta mnara. Kama ameweka alamu ya alfajiri, na sijui mzee yeyote wa Tanga asiyeiweka, iondoe kabla hamjatoka nyumbani, kisha umrudishie mkifika. Mweleze kwa nini, usimnyang'anye tu. Mama yangu mzazi nilimnyang'anya mara moja bila maelezo na alisafiri amenuna njia nzima, na alikuwa na haki.

Simu ikidondoka katikati ya viti, hasa vile viti vya ndege kubwa vinavyosogea, msisogeze kiti kuitafuta. Chuma cha kiti kikiikandamiza ni yaleyale ya bisibisi. Bonyeza kitufe umwite mhudumu, atakuja kuitoa. Kwenye Caravan mwambie rubani, au iache hadi mtue.

Laptopu wakati wa kuruka na kutua huwekwa chini kwa sababu ya uzito wake, isije ikampiga mtu kichwani ndege ikishtuka. Kifaa cha mama cha kusikia avae tu, hakikatazwi.

Mkiwa bado hamjaondoka, pita na hiyo pawabenki kibandani. Nitaipima dakika kumi, sitaki hela. Ukiiweka juu ya kioo cha meza na ikayumba badala ya kulala sawa, imeshaanza kuvimba. Usiichaji tena wala usiilete kwa bodaboda ikiwa mfukoni. Iweke nje, kwenye ndoo ya mchanga, unipigie nije kuichukua.